Gundi Katika Shingo ya Gitaa la Mwalimu Amsi

Mliobaki karakanani mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijayasahau. Ila mmeniletea daftari jipya na kalamu mbili, na mimi sikulelewa kurudisha zawadi, kwa hiyo naandika.

Ya vyeo nitayaruka. Katika karakana ya watu watatu cheo kilikuwa kimoja tu, nacho ni kukalia kigoda badala ya kukalia gogo. Nitawaeleza zaidi juu ya shingo za magitaa, kwa sababu ndizo zilizonipa jina hapa Babati, na kwa sababu shingo ya kwanza niliyoigusa niliikosea, kisha nikanyamaza miaka zaidi ya thelathini. Mnaoniita bingwa mnapaswa kulijua hilo kabla hamjaendelea.

Nilifika kwa Mzee Tluway, pale Bagara, asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa na cheti cha useremala na sketi iliyopigwa pasi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye randa, akaniuliza nimekuja kuchukua kitanda cha nani.

"Nimekuja kazini, Mzee. Naitwa Yustina."

Alikisoma cheti changu mbele na nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Akanipa ubao wa mpodo na randa, akasema, "Nyoosha." Nilinyoosha mpaka saa sita mchana. Akafunga jicho moja, akautazama ubao kuanzia ncha hadi ncha, akauweka kando na kunipa mwingine. Huko ndiko kulikokuwa kukaribishwa.

Wateja ndio walionisumbua zaidi ya mbao. Mtu aliingia, akatazama juu ya kichwa changu, akauliza, "Fundi yuko?" Nikajibu, "Ndiye mimi." Naye akasema, "Haya, nitarudi akirudi." Wengine walirudi mara tatu kwa siku. Nilikuwa nawahesabu kwa hasira, kisha nikaacha, maana nilikuwa nakosea vipimo.

Mzee Tluway alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya gundi. "Kiungo bila gundi ni ahadi ya mlevi," alikuwa akisema, na alisema kila siku, hata pale ambapo hakuna aliyebisha. Msumari ni msaidizi, skrubu ni msaidizi, mwenye nyumba ni gundi. Kiti kikishakauka alikibeba hadi barazani akakitupa uani. Kikifika salama kinauzwa. Kikiachia hata mguu mmoja, aliyekitengeneza alikunywa chai akiwa amesimama wiki nzima. Mimi nilisimama wiki mbili, mfululizo, na sijapata kusimama tena.

Sheria ya pili ilikuwa ya penseli. Kabla ya kupaka gundi, fundi aliandika ndani ya kiungo jina lake na neno moja la kuahidi. Mimi niliandika "Yustina," halafu "Itadumu" au "Haitatoka," kutegemea nafasi iliyopo. Maandishi hayo hayaonekani mpaka kiungo kifunguliwe. Nilimwuliza yana faida gani kama hakuna anayeyasoma.

"Atakayekivunja ajue wa kumlaumu," akasema.

Hata majeneza aliyaandika ndani ya viungo, ingawa hakuna mteja wa jeneza aliyewahi kurudi kulalamika.

Gitaa la kwanza lilikuja mwaka wangu wa pili. Wiki hiyo Mzee Tluway alikuwa amepanda Mbulu kwenye msiba wa shemeji yake, akaniachia funguo na onyo. Siku ya Alhamisi akaingia Mwalimu Amsi wa Nangara, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Mwalimu Amsi hakuwa mwalimu wa shule. Alifundisha kwaya ya usharika wetu, na kwetu hilo linatosha mtu kuitwa Mwalimu mpaka anazikwa. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilifika mahali kabla yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Mzee yupo?"

"Amesafiri. Kuna nini?"

Alitazama mlango, akanitazama mimi, akatazama tena mlango. "Jumapili tunaimba," akasema. "Shingo inacheza."

Akafungua blanketi. Lilikuwa gitaa la umeme, jekundu, limechubuka kwenye kona. Kwa yule ambaye hajawahi kulifungua: mwili wa gitaa la namna hii ni ubao mmoja mnene. Shingo, pale mkono wa kushoto unapotembea, ni ubao mwingine. Mwilini kuna nafasi iliyochongwa, kisigino cha shingo kinakaa humo, na skrubu nne zinapita kwenye kibati cha chuma huko nyuma na kuvikamata viwili hivyo. Ni hizo tu. Skrubu za gitaa la Mwalimu Amsi zilikuwa zimelegea, na shingo ilikuwa ikiyumba kama jino la mtoto wa miaka saba.

Nilifungua skrubu, shingo ikatoka yote mkononi mwangu. Nikachungulia ndani. Hakukuwa na gundi. Hata tone. Niliwahurumia watu wa kiwandani. Nilidhani siku ile gundi iliwaishia, au msimamizi wao alikuwa msibani.

Basi nikawasahihisha. Nilikwangua rangi yote ndani ya ile nafasi mpaka mbao ikawa wazi, ili gundi ishike vizuri. Nikachukua penseli nikaandika kwenye kisigino. Nikapaka gundi nyeupe ya mbao, ile nzuri, nikarudisha skrubu nne na kulibana gitaa kwa klempu mbili hadi kesho yake. Lau lingekuwa kiti, lingetupwa kutoka barazani mara kumi bila kuachia.

Jumapili gitaa liliimba. Mwalimu Amsi alisimama mbele ya usharika, akasema shingo imekuwa imara kuliko siku aliyolinunua, na kwamba aliyeifanya kazi hiyo ni yule binti aliyekaa benchi la nne. Watu wakageuka. Mzee Tluway aliporudi nilimweleza. Akauliza, "Uliweka gundi?" Nikasema niliweka. Akasema, "Safi." Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote ya magitaa. Tangu wiki ile, mtu akiuliza fundi yuko wapi nikasema ndiye mimi, alikuwa anakaa.

Ukweli niliupata baadaye kidogo. Alipita mpigaji wa bendi, anakwenda Singida, na kabla sijamaliza kumwuliza shida yake akatoa bisibisi mfukoni, akafungua shingo ya gitaa lake mwenyewe, akaweka kipande chembamba cha kadi chini ya kisigino ili shingo iinuke kidogo, akafunga. Chai ilikuwa bado haijachemka. Alichotaka kwangu ni kuazima msasa tu.

Nikamwuliza kama haogopi shingo itaachia, kwa kuwa haina gundi.

Alinitazama kwa upole. "Sasa dada, ukiweka gundi, siku ikipinda utaibadilishaje?"

Ningepaswa kwenda Nangara siku ileile, nibishe hodi, niseme. Sikwenda. Nilijiambia gitaa linaimba vizuri, na ni kweli lilikuwa linaimba vizuri. Lakini sababu haikuwa hiyo. Niliogopa kurudi kwenye "nitarudi akirudi." Jina langu lote lilikuwa limeshikwa na ile gundi, na mimi sikuwa tayari kuitia maji.

Kwa hiyo kila Jumapili nilimwuliza Mwalimu Amsi mlangoni pa kanisa, "Gitaa linaendeleaje, Mwalimu?" Naye akajibu, "Linaendelea, fundi wangu." Nikamshukuru Mungu kwa sababu zangu mwenyewe. Watu walidhani naupenda sana muziki.

Mzee Tluway alipokufa nilikalia kigoda, kisha karakana ikahamia hapa Maisaka. Kwaya zikazidi, magitaa yakazidi. Nimebadilisha shingo nyingi, na machache niliyojifunza ni haya. Pima kutoka pale nyuzi zinapoanzia juu hadi chuma cha kumi na mbili, kati ya vile vidogo vilivyolala juu ya shingo, halafu kutoka chuma hicho hadi darajani, zile nyuzi zinapoishia chini. Vipimo hivyo viwili vikikosa kulingana, gitaa litaimba uongo daima na mpigaji atalaumiwa bure. Shingo mpya ikikaa vizuri kwenye nafasi yake, unaweza kulinyanyua gitaa kwa shingo kabla skrubu hata moja haijaingia. Matundu ya zamani yakipanuka, yazibe kwa kijiti cha mti mgumu chenye gundi, utoboe upya. Humo gundi inaruhusiwa. Skrubu ipite huru mwilini na ing'ate shingo peke yake, na uipake nta ya mshumaa, isije ikakatikia ndani ukaanza kuzungumza maneno ambayo jirani hajayazoea.

Na mtu akikuletea shingo peke yake kwenye gunia, akakuambia mwili umebaki Dareda na wewe ukadirie tu, mpe maji ya kunywa na umrudishe Dareda. Nilimkadiria mmoja, naye hanisalimii mpaka leo.

Nilikuwa pia na tabia moja ambayo mmeiona. Kila skrubu ya mwisho ikishakazwa, nausimamisha ule msalaba wa kichwani mwake wima, zote nne zitazame juu. Watu wa kanisa walidhani ni uchaji. Ni ukaguzi tu. Gitaa likirudi misalaba imepinda, najua kuna aliyefungua.

Sasa nafika kwenye kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote. Miaka michache iliyopita Mwalimu Amsi alipata kiharusi. Kilimkuta mazoezini, amesimama, gitaa begani, na alipoanguka gitaa lilianguka naye. Mguu ulirudi polepole, maneno yakarudi yakiwa yamechoka, lakini mkono wa kushoto ulibaki nusu. Vidole vilijikunja kidogo, vikaishia hapo. Kwaya ikampata kijana mwenye kinanda. Nilikwenda kumwona nyumbani mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amekaa ameelekea ukuta.

Asubuhi moja bajaji ikasimama hapa nje. Akashuka mkewe, Mama Rehema, halafu Mwalimu mwenyewe, halafu lile blanketi. Nikawaamkia wote wawili.

"Marahaba, Mama Deo," akasema Mama Rehema, akiniita kwa jina la mwanangu. "Tumekuletea mgonjwa wa pili."

Gitaa lilikuwa na ufa mrefu kwenye shingo, karibu na kichwa, na shingo yote imepinda. Mwalimu Amsi alikaa kwenye gogo, akavuta pumzi kabla ya kila sentensi, kama anavyofanya siku hizi.

"Nataka shingo nyingine," akasema. "Nyembamba. Mkono huu uweze kuishika."

"Tutafute gitaa jingine zima, Mwalimu," nikasema haraka mno. "Yapo mapya, mepesi."

"Hapana. Huu wa kulia unalijua hili." Akauinua mkono mzima na kuuweka juu ya mwili mwekundu, pale rangi ilipoisha kwa kusuguliwa na mkono uleule. "Wa kushoto umesahau. Nikiwapa wote wawili kitu kigeni, nani atamfundisha mwenzake?"

Mama Rehema alikuwa anautazama mlango. "Mama Deo," akasema taratibu, "huyu haongei nyumbani. Haimbi. Hata ukutani hatazami tena, anafumba macho tu. Jana usiku kasema nimlete kwako. Ndilo neno lake la kwanza tangu Jumamosi."

Nilichukua bisibisi. Niligeuza gitaa, nikaitazama misalaba minne ambayo sikuwa nimeigusa kwa miaka yote ile, kisha nikairudisha bisibisi mezani. Nimetengeneza majeneza ya watoto, ndugu zangu, na sikumbuki mdomo wangu kuwa mzito namna ile.

"Mwalimu, shingo hii haitoki."

"Si ina skrubu nne?"

"Ina skrubu nne na gundi yangu. Niliibandika mwenyewe, mwaka ule ulipokuja kwa Mzee Tluway. Haitakiwi gundi. Nilikuwa sijui. Baadaye nikajua, nikanyamaza. Nikilazimisha itoke, mwili unaweza kupasuka katikati na usiwe na gitaa kabisa. Naomba unisamehe."

Alinitazama mimi, akalitazama gitaa, akatazama vitanda vilivyosimama ukutani vikisubiri kupakwa vanishi.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikipiga kitanda."

Akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa bado haujarudi, na kicheko kikatoka na mlio wa bawaba kavu. Mama Rehema aligeuka kutoka mlangoni.

"Amecheka," akaniambia, kana kwamba mimi sikuwepo.

"Vunja," akasema Mwalimu Amsi. "Kikipasuka kitanda, basi. Si nimelala juu yake vya kutosha?"

Kabla ya kuvunja nilitaka kujua natengeneza shingo ya umbo gani. Niliupa mkono wake wa kushoto kila kilichokuwa karakanani. Mpini wa nyundo, ukamshinda. Patasi, ikamshinda. Mpini wa jembe, chupa ya soda, mguu wa kigoda. Vidole vilifika nusu ya njia vikakata tamaa, na uso wake ukaanza kurudi ukutani.

"Mwiko anashika," akasema Mama Rehema.

"Mama Rehema!" akamkatiza Mwalimu.

"Anashika, Mama Deo. Hospitali walimpa mpira wa kubonyeza, akaukataa."

"Mimi si mtoto wa kucheza mpira."

"Akaukataa. Nikamwambia basi koroga uji. Kila asubuhi anakoroga, kwa mkono huohuo."

Mwalimu Amsi alinigeukia. "Hilo lisifike kanisani," akasema.

Nilimwahidi halitafika. Sasa limefika, lakini ni kwa ruhusa yake. Nilimsomea sehemu hii, na sahihisho alilotoa ni moja tu, kwamba ulikuwa uji wa ulezi.

Mama Rehema alileta mwiko kesho yake. Ulikuwa wa zamani, na mpini wake ulishaacha kuwa duara. Miaka ya kukoroga ilikuwa imeula mabega, ukabaki kama yai lililobanwa, na upande mmoja bapa pale kidole gumba kinapokaa. Mkono wa Mwalimu uliufunga wote. Nilikata kadi kufuata umbo la mpini, katika sehemu tatu, nikaitundika ukutani. Ile kadi ambayo mmekuwa mkiniuliza ni ya nini, ndiyo hiyo. Mama Rehema alisonga ugali kwa mwiko wa kuazima wiki nzima, na jirani yake hajaacha kulitaja jambo hilo.

Kuing'oa shingo kulichukua asubuhi mbili. Nilitoa kwanza nyaya na vyombo vyote vya umeme. Nikatoa skrubu, nikapata matundu manne yanayoshuka hadi kwenye gundi. Gundi ile nyeupe ina adui wawili, joto na maji, basi nikaomba kwa bwana mifugo sirinji ya ng'ombe, yenye sindano nene. Mama Rehema alivuta maji yaliyochemka na kuyasukuma ndani ya matundu, mimi nikaiweka pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi, halafu nikapitisha kisu chembamba pembeni. Sindano, pasi, kisu. Sindano, pasi, kisu. Mwalimu Amsi hakuweza kutazama. Alikaa nje ameipa karakana mgongo, akihesabu malori ya mbaazi.

Siku ya kwanza gundi haikusogea hata unywele. Niliilaani, na huku nikiilaani nilijivunia kidogo, sitawaficha. Siku ya pili, karibu saa nne, ikatoa mlio. Rangi nyekundu ikapasuka ufa kuelekea katikati ya mwili. Mama Rehema akashika mdomo. Nikaacha kila kitu, nikasubiri, nikaongeza maji. Ufa haukuendelea. Mlio wa pili ulipokuja, kona ya ile nafasi ilimeguka kipande cha ukubwa wa ukucha, na shingo ikatoka.

Kwenye kisigino penseli ilikuwa bado inasomeka. Mama Rehema aliinama akasoma kwa sauti. "Yustina. Haitatoka."

Akafikiri kidogo.

"Ila imetoka," akasema.

Shingo mpya niliichonga kwa mninga, maana mninga ukishakauka hautishwi na masika. Juu nikabandika ubao mwembamba wa mpingo. Ile fimbo ya chuma inayokaa ndani ya shingo kuzuia isipinde niliitoa kwenye shingo ya zamani, na vile vyuma vidogo vinavyolala juu nikavihamisha kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake palepale, ili mkono usikute ugeni. Nyuma nikafuata mwiko. Kila asubuhi Mwalimu alikuja, akashika, akasema, "Bado," nikapiga msasa. Alisema "Bado" siku sita. Siku ya saba alishika, akanyamaza, na vidole vyake vikaizunguka shingo vyote vinne, kidole gumba kikakaa pale kwenye bapa.

Mama Rehema alikwenda kuukagua mlango ambao haukuwa na tatizo lolote. Mimi nililia, na sioni sababu ya kuandika kwamba lilikuwa vumbi la msasa.

Kabla ya kuifunga nilichukua penseli. Kwenye kisigino kipya nikaandika, "Yustina. Inatoka." Hakuna gundi. Skrubu nne, nta ya mshumaa, misalaba wima. Nilihisi Mzee Tluway ananitazama kutoka huko aliko, akiniandalia chai ya kunywa nimesimama.

Sitasema alipiga kama zamani. Miezi mingi alipiga nyumbani, baada ya uji, na Mama Rehema alisema nyimbo zote zilikuwa zinafanana. Jumapili aliyorudi mbele ya kanisa alipiga wimbo mmoja tu, polepole sana, kwa sababu vidole vilihitaji muda kufika kila mahali. Kwaya ikapunguza mwendo kumsubiri. Usharika ukapunguza mwendo kuisubiri kwaya. Yule kijana wa kinanda aliondoa mikono yake akaikalia. Ibada ilichelewa kwisha, na mchungaji, ambaye huangalia saa hata akiwa anasali, siku hiyo hakuiangalia.

Nimalizie na wiki yangu ya mwisho kazini. Mlikuwa mmekwenda kupakia makabati, nami nimebaki napanga patasi ambazo sitazitumia tena. Macho yangu hayaoni tena mstari wa penseli, ndiyo maana nimeacha, si kwa sababu nyingine mnazosimuliana. Bajaji ikasimama. Akashuka Mwalimu Amsi peke yake, gitaa amelibeba mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi wangu. Lina mlio."

"Mlio gani?"

"Mlio tu. Humo ndani."

Nikaliunganisha kwenye spika, nikapitia nyuzi zote sita, chuma kwa chuma. Hakukuwa na mlio. Nikamwambia sisikii kitu. Akasema nisikilize vizuri. Nikaligeuza, nikalisogeza karibu na dirisha, na hapo nikaona misalaba. Yote minne imelala, kila mmoja na upande wake. Kibati kilikuwa kimejaa mikwaruzo ya bisibisi iliyoteleza, si mara moja wala mbili. Ishirini labda. Mtu alikuwa amehangaika sana hapo.

"Nani amelifungua hili?"

Mwalimu Amsi alikuwa anachunguza dari. "Mimi nitajuaje," akasema. "Fundi ni wewe. Fungua uone."

Nikafungua. Shingo ikatoka kwa urahisi, kama inavyotakiwa. Chini ya jina langu, kwenye kisigino, kulikuwa na maandishi mengine. Penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka ikachimba mbao, na herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, za mkono ambao haukuwahi kuandika hapo kabla. Nililazimika kwenda nje kwenye mwanga ili nisome.

"Amsi. Nimefungua mwenyewe. Mkono wa kushoto."

Nilisoma mara mbili. Nikarudi ndani, nikairudisha shingo, nikakaza skrubu nne na kuisimamisha misalaba yake. Nikamkabidhi gitaa, nikamwambia halina tatizo lolote.

"Najua," akasema.